Kamera ya Kujaribu hadi Ijumaa

Jumamosi, 7 Juni

Nimetoka na pasi yangu ya kunyooshea nguo, nimerudi na kamera. Akili zangu! Lakini siyo wazimu, tumeelewana. Mwenye duka la mitumba amesema niende nayo, niitumie nitakavyo, na pasi yangu ikae kwake rafuni. Nisipoipenda niirudishe kabla hajafunga duka Ijumaa, nichukue pasi yangu. Ijumaa ikipita, biashara imekwisha: pasi yake, kamera yangu. Ati hakuna kurudi kulialia hapa, dada. Nikamwambia mimi silii, nina mtu nyumbani wa kulia kwa niaba yangu.

Yenyewe ndogo, rangi ya fedha, inaingia mfuko wa gauni. Kona moja imekwanguka. Ukiiwasha lenzi inatoka mbele kama kobe anachungulia. Bonge alipoiona hivyo alipiga ukelele wa furaha. Binti wa miezi kumi na moja, tayari anapenda mashine kama baba yake.

Sasa niandike kwa nini, nikianza kujuta nisome. Simu yangu kioo cha kamera kimepasuka tangu Bonge aipige sakafuni. Kila nguo ninayoshona ikipigwa picha inatoka kama iko nyuma ya mvuke. Wateja wanataka kuona mishono kabla hawajaleta kitambaa. Nguo nikishaikabidhi imeondoka, sina cha kuonyesha. Kamera hii ina flashi, inaona mpaka uzi. Hiyo ndiyo thamani yake. Basi.

Pasi nitaazima kwa wifi. Atanisema. Acha aseme.

Jumapili, 8 Juni

Amesema! Wifi ni dada yake baba Bonge, anakaa chumba cha pili, na hapitwi na kitu.

"Pasi kwa kamera? Wifi! Siku hizi hata kuku ana simu." Halafu akashusha sauti kama anatoa pole: "Rahisi ghali, wifi yangu."

Nikamwambia akae pale dirishani na lile gauni la kola nimpige. Akakataa. Akakaa. Akajirekebisha kilemba mpaka nikachoka kuishika kamera. Nilipomwonyesha aliisogeza kamera karibu na uso, kisha: "Mmh. Kumbe nina shingo." Kesi ya wifi imekwisha.

Nimeipima kutwa, kila Bonge akisinzia. Mwanga wa dirishani: safi sana, mpaka pindo linaonekana. Pazia likishushwa, kwa flashi: mishono ipo, ila nyekundu inavuja, inakaribia rangi ya chungwa. Kwa karibu haioni kabisa, inatoa ukungu. Ukirudi nyuma hatua moja inatulia. Betri ni ya kizee, picha chache tu inaomba chaji. Kwa kitu cha rafuni kwa mitumba sina ugomvi.

Kasoro moja. Watu wanatoka macho mekundu. Wifi kama jini. Baba Bonge kama babu wa majini. Tumecheka mpaka Bonge naye akacheka, sababu haijui. Yeye nilimpiga mkekani — jicho moja jekundu, jingine jeupe. Jeupe kama kifungo cha shati la shule. Baba Bonge akasema ona, flashi imechoka, inaonea upande mmoja. Yeye ni fundi wa friji. Kwake kila kitu duniani kimechoka au bado hakijachoka.

Jumatatu, 9 Juni

Jeupe tena. Bonge yuko kwenye beseni, ananirushia maji. Jicho la kushoto. Akitazama pembeni halitokei. Akiitazama kamera — hilo hapo.

Nimefuta lenzi kwa kitambaa laini. Nimepiga. Jeupe. Nimeizima, nimeiwasha. Jeupe. Imenikera, nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda dukani.

Mwenye duka ati kamera za bei hii ndivyo zilivyo, unataka macho ya malaika kwa pasi ya mitumba? Nikamwambia hata hii nayo ni mtumba, tusichekane. Akabonyeza bonyeza, akanionyesha kialama cha jicho. Ukikiwasha, flashi inapiga mara mbili na macho mekundu yanapungua. Pasi yangu niliiona kule juu. Ameshaifuta vumbi. Ana haraka huyu!

Nyumbani nimejaribu. Wifi: macho meusi, safi. Bonge: moja jeusi, moja jeupe.

Nitairudisha. Siwezi kutoa kitendea kazi changu kwa kamera inayomharibu mwanangu sura. Nilisema hivyo kwa sauti, peke yangu jikoni, na maneno yangu mwenyewe sikuyaamini. Sijui. Nimechoka tu. Meno mawili yanamtoka Bonge na humu ndani hakuna anayelala.

Jumanne, 10 Juni

Zipu moja ya kung'oa, sketi mbili za kupunguza kiuno. Kamera sijaigusa. Ilikuwa juu ya meza ya cherehani, mimi naitazama, nayo inanitazama.

Nilipokuwa namlisha Bonge nilipeleka kijiko upande wa kulia, akafungua mdomo kama ndege. Nikakipeleka upande wa kushoto. Hakukiona mpaka kilipomgusa shavu. Akashtuka.

Watoto huwa hivyo.

Huwa hivyo?

Jumatano, 11 Juni

Asubuhi baba Bonge anavaa viatu, nikamwambia kuhusu kijiko. Nikamwambia nataka kujua kama kosa ni la kamera au siyo la kamera. Sikumalizia. Yeye akajibu kama fundi, bila kufikiri: friji ikisoma vibaya kwenye mita ya kupimia umeme hukimbilii kulaumu friji. Wala mita. Unachukua ile mita unaipima kwenye kitu unachokijua kuwa ni kizima. Ikisoma sawa huko, basi mita haina...

Akaishia hapo, kamba ya kiatu mkononi. Nadhani ndipo alipojisikia. Akaondoka, chai nusu kikombe.

Basi nimeipima. Sikutaka mtu aniambie baadaye nilibahatisha. Stuli ile ile, ukuta ule ule, pazia limeshushwa, kile kialama cha jicho nimekizima, mimi nimesimama penye ufa wa sakafu, sitoki. Wifi: mekundu mawili. Binti yake: mekundu mawili. Nikamwita jirani wa juu na mapacha wake, wamepishana na Bonge wiki chache tu. Pacha wa kwanza: mekundu mawili. Wa pili hakutaka kukaa, tukamwahidi ufunguo wa mlango aushike — mekundu mawili. Hata paka wa ngazini alipita nikampiga. Kijani, ila yote mawili sawasawa! Wifi akasema haya, paka amefaulu, nani anafuata?

Anayefuata ni Bonge. Wifi akampakata. Mimi nikapiga ulimi ule mlio wa farasi, akanitazama moja kwa moja na kutabasamu meno yake yote mawili.

Jekundu. Jeupe.

Nikasogea kidogo kulia. Jeupe. Kushoto. Jeupe. Halafu nikakumbuka baba Bonge alivyosema Jumapili, flashi inaonea upande mmoja. Nikaipindua kamera, juu chini. Kama ni flashi inayoonea, sasa ionee upande wa pili! Nikapiga.

Kushoto. Lile lile la kushoto.

Wifi alimfuta Bonge mdomo ambao haukuwa na kitu. Jirani akachukua mapacha wake polepole, akaniambia utaniita, mama Bonge, wakati wowote.

Baba Bonge alipoingia nilimwambia maneno mawili tu. Mita nzima.

Alikaa chini na boksi lake la spana bado begani.

Kesho naenda zahanati. Najua watakachoniambia, kwa hiyo siendi mikono mitupu. Naanza kwa fundi picha anichapie hizi ziwe za karatasi. Karatasi haizimiki chaji.

Alhamisi, 12 Juni

Lazima niandike leo leo, vinginevyo kesho nitadhani nimeota.

Fundi picha ni yule wa studio ya kona, aliyempiga Bonge picha yetu ya ukutani. Mtu mpole, mashati yake nashona mimi. Nikampa kadi ya kamera, nikamwonyesha ninazotaka, nikakaa kwenye benchi kumnyonyesha Bonge. Akanipa bahasha. Nikafungua.

Macho meusi. Wifi, binti wa wifi, mapacha. Na Bonge wangu, macho yote mawili meusi, mazuri, kila moja na kinyota chake.

Nilidhani nimeanza kuugua kichwa. Kwenye kamera, jeupe. Kwenye karatasi, hakuna.

"Umefanya nini?"

"Nimesafisha macho, mama Bonge. Bure kama kawaida. Hapa haitoki picha ya jicho bovu!" Amesema kwa fahari kabisa. Kila picha inayopita kwenye kompyuta yake huanza na macho, hata hajiulizi. Halafu akaongeza, kama mtu anayemsifia mtoto: "Na huyu wako hanisumbui, huyu huwa ni la kushoto peke yake."

Huwa?

Nikamuuliza huwa tangu lini. Akasema toka ile ya kwanza, mlipomleta anajifunza kukaa. Na ile ya gauni la njano. Zote. Alikuwa bado anatabasamu. Kisha akaniona uso na tabasamu likamwisha lenyewe.

Ile ya kwanza iko ukutani juu ya kitanda chetu. Naiona kila nikiamka. Macho meusi mawili.

Akasema, mama Bonge, mimi nilijua nakufurahisha, mama gani anataka mwanawe awe na doa? Sikuwa na hasira naye. Nilikuwa na haraka. Nikamwambia rudia zote, usisafishe jicho hata moja. Akasita, nyuma ya karatasi kuna muhuri wa studio, watu watasema ndiyo kazi yake. Nikamwambia basi muhuri usipige. Picha nipe zilivyo.

Akanipa. Hakuzitazama wakati zinatoka.

Zahanati, foleni mpaka nje. Nesi wa siku zote, yule anayempima Bonge uzito na kumwita gunia la mchele. Nikamweleza. Akacheka kwa wema. Ni mwanga wa kamera, mama. Hizi kamera ndogo zina mambo. Tena ninyi mama wa mtoto wa kwanza mnachungulia sana, mwishowe mtamhesabia nyusi. Mama mmoja nyuma yangu akakohoa kile kikohozi cha nenda basi na wengine tuhudumiwe.

Siku nyingine ningeondoka. Leo miguu ilikataa.

"Sista, naomba nikupige wewe kwanza."

"Mimi? Nimefanyaje?"

"Hujafanya kitu. Ndiyo maana."

Foleni ikachangamka. Nesi akarekebisha kofia, akakaa sawa, mtu akamwambia tabasamu sista, leo utaingia kalenda. Nilimwomba mlinzi asukume mlango, chumba kikawa na giza kidogo. Nikapiga. Nikamwonyesha. "Yesu na Maria! Mimi ndiye huyu?" Macho mekundu mawili. Watu wakacheka.

Halafu nikampa amshike Bonge, pale pale, kiti kile kile. Mlio wa farasi. Nikapiga. Sikumwonyesha haraka. Nilipanga kwanza karatasi mezani kwake: wifi, binti, pacha, pacha. Kisha nikampa kamera.

Hakucheka tena. Alichukua tochi. Halafu akafanya jambo dogo tu: akamziba Bonge jicho la kushoto kwa kiganja. Bonge hakujali, anaendelea kutafuna kamba ya kitambulisho cha nesi. Akaziba la kulia. Bonge alipiga kelele, akamsukuma mkono, akageuza kichwa huku na huku akinitafuta. Niko mbele yake! Niko mbele yake na ananitafuta!

Nesi akaliachia. Akamwinua, akanirudishia mwenyewe, mikono miwili. Ameandika hospitali kubwa, idara ya macho, kesho asubuhi. Haraka, na chini ya neno haraka mistari miwili. "Mdogo wangu," ameniita. Siku zote mimi ni mama Bonge. "Kamera usiiache nyumbani."

Yule wa kikohozi alinishikia mlango.

Baba Bonge ameitungua ile picha ya ukutani. Ameishika muda mrefu, kidole kwenye jicho la kushoto, juu ya kioo. Hajasema neno baya juu ya mtu yeyote. Amesema tu kesho haendi kazini, atambeba mtoto, mimi nibebe kamera na chaja. Wifi ameninyooshea nguo zote za wateja bila kuombwa. Mbili kazikunja vibaya. Nimemshukuru kama kazikunja vizuri.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika kwenye benchi la korido, idara ya macho. Mwandiko usamehewe.

Tulipotoka alfajiri fundi picha alikuwa amesimama mlangoni kwetu. Macho yake ndiyo yalikuwa mekundu safari hii, bila flashi. Anasema amekesha anatafuta kwenye kompyuta ya zamani, zile anazosafisha macho huwa hafuti asili yake. Akanipa bahasha, akasema mama Bonge, ile ya kwanza, ilivyokuwa. Akaondoka bila kusubiri niseme kitu. Nyuma ameipiga muhuri wa studio. Mwenyewe.

Nilifungua njiani. Bonge wa kujifunza kukaa, mashavu yale, mto nyuma asianguke. Na katika jicho la kushoto, jeupe. Dogo. Dogo mno, kama kichwa cha pini.

Ya jana ni kifungo.

Mimi ni fundi cherehani, najua tofauti ya pini na kifungo. Sikumwambia baba Bonge. Alikuwa anachungulia begani kwangu, kaona mwenyewe.

Daktari ni mwanamke, mrefu, ana sauti ya chini. Hakuniambia ni mwanga wa kamera. Alitaka picha zote, moja moja, ipi lini, nilisimama wapi, kialama kilikuwa kimewashwa au kimezimwa. Nilimjibu yote. Nilipomwambia niliipindua kamera juu chini, aliinua uso akanitazama. Nani alikufundisha? Nikasema mume wangu, anatengeneza friji. Baba Bonge akainamisha kichwa kama aliyeitwa ubaoni.

Kisha akaweka zile mbili sambamba mezani, ya pini na ya kifungo. Alikwenda mlangoni akamwita mwenzake, mzee wa miwani, wakazitazama wote wawili. Nilimuuliza, daktari, ni nini? Akasema, mama, picha zinaonyesha kitu ndani ya mboni, na kimekua, ila sitaki kukudanganya, nikishaona ndani ya jicho nitakwambia nilichokiona chote. Sijafurahi. Lakini nimemwamini.

Wamemtia Bonge matone, mboni ifunguke. Alilia, akamaliza, sasa amelala kifuani kwa baba yake, mdomo wazi. Tunasubiri. Korido ina harufu ya dawa na watu wote wanatazama ukuta.

Simu imelia sasa hivi. Mwenye duka. Dada, leo ndiyo Ijumaa, nakukumbusha tu, saa ya kufunga unaijua. Umeridhika nayo au unairudisha? Nimemwambia subiri. Ati kamera ikoje kwani?

Nikafikiri kumjibu kweli. Nyekundu inavuja. Betri haina pumzi. Kwa karibu haioni. Nyeupe inaiona.

Sikumwambia hayo. Daktari alikuwa ametoka, amesimama mbele yetu, amenyoosha mkono anaiomba tena kamera. Anataka kumwonyesha yule mzee ile niliyoipindua. Akauliza, samahani, hii ni yenu au mmeazima? Maana nisingependa hizi picha zifutwe, huenda tukazihitaji mara nyingi.

Baba Bonge alinitazama. Simu bado iko sikioni, mwenye duka anapumua.

"Yangu," nikasema. Nadhani daktari na mwenye duka wote wawili walisikia.

Nikakata simu. Pasi itajulikana. Watu walivaa nguo kabla ya pasi.

Chini ya mlango naona taa ya chumba cha ndani imezimwa. Wanatuita. Bonge ameamka na wala halii, anapapasa uso wa baba yake. Mzee wa miwani anasema mama ndiye aje amshike kichwa, akimsikia mama atatulia. Asitikisike hata kidogo. Sawa. Hata ikichukua kutwa. Kumshika naweza, nimemshika miezi kumi na moja —